Tumbaku ya Kiko: Bei ya Duka la Mkiwa na Bei ya Kwenye Simu

Somo la soko la wiki hii linajibu swali la msomaji wetu mwenye duka la rejareja Mkiwa, pale njia panda ambapo magari ya Itigi huiacha barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida. Anasema ana shilingi 600,000 alizoziweka pembeni baada ya kuuza alizeti, na anataka kuongeza bidhaa moja dukani. Wateja wake wengi ni wazee wanaovuta kiko. Kila siku ya mnada wazee hao humpita na kwenda kununua majani kwa akina mama wanaopanga mafungu chini. Kijana wake amemwonyesha kwenye simu makopo ya tumbaku ya kiko yanayouzwa ng'ambo, gramu 50 kwa bei ambayo ikigeuzwa ni kama shilingi 30,000. Anauliza: anunue tumbaku ya hapa hapa au aagize?

Tunamshukuru kwa swali hili, maana wapo wengi wanaolizungusha kichwani kuhusu bidhaa nyingine, kuanzia manukato mpaka vipuri vya pikipiki. Tutalijibu kwa hesabu, na tunamwomba achukue kalamu na karatasi. Bei zote za mfano tutakazotumia ni za kufundishia. Akifika sokoni aweke bei atakazozikuta siku hiyo.

JINA MOJA, BIDHAA MBILI

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba fungu la mnadani na kopo la ng'ambo ni bidhaa mbili zinazotumia jina moja. Jani la mnadani mara nyingi ni tumbaku ya kienyeji iliyokaushwa kivulini chini ya paa, kisha ikasokotwa au kufungwa mafungu. Mteja mwenyewe huikata kwa kisu, huisugua viganjani na kuijaza kwenye kiko, na nyingine huisaga ikawa ugoro. Ni kali, haina manukato ya kuongezwa, na aliyeizoea hatosheki na nyingine.

Kopo la ng'ambo ni mchanganyiko uliopikwa kiwandani. Humo mna tumbaku ya mvuke, yaani Virginia, inayokaushwa kwa joto la mabani bila moshi kuigusa. Hiyo ndiyo inayolimwa kwa wingi Tabora, Urambo, Kaliua, Sikonge na Chunya, na hata mkoani Singida pande za Itigi. Mna tumbaku ya hewa, yaani Burley, ambayo jani lake hunyonya vionjo vya vanila, ramu au asali vinavyonyunyizwa kiwandani. Mna pia tumbaku ya moshi, ile inayoning'inizwa juu ya moto wa kuni mpaka inanukia kama nyama iliyobanikwa. Hapa nchini wanaoijua ni wakulima wa Songea na Namtumbo. Michanganyiko mingine huongezwa Latakia, tumbaku ya pande za Syria na Cyprus iliyofukizwa kwa moshi, ambayo mtu akiinusa mara ya kwanza hugeuka kutazama kama kuna kitu kinaungua.

Sasa mzee aliyevuta msokoto wa kienyeji kwa miaka 40 ukimpa kopo lenye harufu ya vanila, atalinusa, atacheka na atakurudishia. Anayetafuta kopo ni mteja mwingine kabisa: mtumishi aliyewahi kusoma nje, mhandisi wa kigeni anayepita na kazi za barabara, mtalii anayelala Singida mjini. Watu hao wapo, lakini mwenye duka wa Mkiwa awahesabu kwa majina. Kama hawafiki watano, hana soko la makopo, ana marafiki watano.

Kwa hiyo msomaji wetu analo swali moja linalokaa juu ya maswali mawili. La kwanza ni kama kopo la ng'ambo linalipa. La pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye pesa, ni kama majani ya kienyeji ayanunue kwa macho mnadani au ayaagize kwa simu kutoka kwa muuzaji wa jumla wa mbali. Tuanze na kopo.

HESABU YA KOPO MPAKA MLANGONI

Makopo 20 ya gramu 50 ni kilo moja. Kwa shilingi 30,000 kila kopo, bei ya kwenye simu ni shilingi 600,000, mtaji wote wa ndugu yetu. Hapo ndipo wengi huacha kuhesabu na kubonyeza.

Tuseme usafirishaji na bima vimekuwa shilingi 120,000. Thamani ambayo forodha inaanzia sasa ni 720,000, maana ushuru hutozwa juu ya bei pamoja na gharama za kuufikisha mzigo nchini. Tuchukue kwa mfano kwamba ushuru wa forodha ni asilimia 25: hiyo ni 180,000, na jumla inapanda kuwa 900,000. Juu ya hapo tumbaku hutozwa ushuru wa bidhaa. Tukiuweka asilimia 30 kwa mfano, ni 270,000, na jumla ni 1,170,000. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, kiwango cha kawaida asilimia 18, nayo hutozwa juu ya jumla hiyo yote pamoja na ushuru uliotangulia. Ni shilingi 210,600, na sasa tumefika 1,380,600. Ongeza 40,000 za kutoa mzigo na kuupandisha basi kutoka Dar es Salaam mpaka njia panda ya Mkiwa. Jumla kuu: shilingi 1,420,600.

Kopo lililoonekana la shilingi 30,000 limefika dukani kwa shilingi 71,030, na muuzaji hajaweka hata senti ya faida.

Tunaomba msomaji atazame vizuri jinsi kodi zilivyopandana. Wengi hujumlisha viwango, 25 na 30 na 18, wakapata 73, wakapiga asilimia 73 ya shilingi 720,000 na kutenga 525,600 za kodi. Kodi halisi katika mfano wetu ni 660,600. Tofauti ya shilingi 135,000 ndiyo inayomfanya mtu akwame na karatasi mkononi, mzigo upo bohari, na kila siku inayopita gharama ya kuhifadhi inaongezeka. Viwango vyenyewe hubadilika karibu kila bajeti ya Juni, na tumbaku ni mojawapo ya bidhaa zinazokumbukwa kwanza bajeti inapoandikwa. Kwa hiyo aende ofisi ya TRA Singida na jina kamili la bidhaa, aulize kiwango cha mwaka huo na vibali vinavyotakiwa kabla ya kulipa. Kuuliza ni bure.

Hapo hatujagusa tofauti ya bei ya dola anayotumia benki au kampuni ya kadi, ambayo mara nyingi ni mbaya kuliko ile inayotangazwa. Wala hatujataja kwamba maduka mengi ya ng'ambo ya mtandaoni hayatumi tumbaku nje ya nchi zao.

MAJI NAYO YANAUZWA

Tumbaku ni jani, na jani hubeba maji. Anayeuza kwa uzito huuza maji pamoja na jani, na hapa hakuna tofauti kati ya kampuni ya Denmark na mama wa mnadani.

Tumbaku nyingi za kiko hutoka kiwandani zikiwa na unyevu mwingi kuliko ule unaofaa kuvutwa. Tuchukue mfano wa kilo yenye unyevu wa asilimia 22. Jani kavu humo ni gramu 780. Gramu 220 ni maji. Mvutaji akiiacha ipungue mpaka asilimia 13, ambapo inaungua vizuri bila kuchemka kwenye kiko, uzito wake unabaki takriban gramu 897. Gramu 103 zimepaa hewani. Ile kilo iliyofika kwa shilingi 1,420,600 ilikuwa na bei ya shilingi 1,421 kwa gramu. Ikikauka hivyo, gramu inayovutika ni takriban shilingi 1,584.

Kwa mfanyabiashara wa Singida somo hili ni kali zaidi, kwa sababu hewa yenyewe inanyonya. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na baada ya hapo ni ukame na upepo. Kopo likifunguliwa Agosti ili kuuza kidogo kidogo, ndani ya siku chache tumbaku inakuwa ya kukatika kama majani ya chai. Mwenye duka aliyenunua kwa uzito wa Februari na kuuza kwa uzito wa Agosti anapoteza bila kuibiwa. Na anayeuza kwa fungu badala ya mizani haoni hasara hiyo ilikopitia. Anaona tu kwamba mafungu yametoka machache.

Dawa yake ni rahisi: chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, ijazwe mpaka juu, iwekwe mbali na jua. Plastiki nyepesi ya sokoni hupitisha hewa na harufu. Wazee walitumia vibuyu vilivyozibwa vizuri, na walijua walichokuwa wakifanya.

FUNGU LA MNADANI LIPIMWE

Sasa twende mnadani. Fungu halina gramu zilizoandikwa, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kununua mafungu matatu kwa wauzaji watatu tofauti na kuyapima nyumbani. Tuseme fungu la shilingi 1,000 limetoka gramu 50. Lifungue. Ondoa ule uti mnene wa katikati ya jani, vikonyo, mchanga na majani yaliyooza ndani ya msokoto. Tuseme umetoa gramu 12. Zimebaki 38. Anika kivulini siku mbili, pima tena. Tuseme zimebaki 34. Basi gramu inayovutika imekugharimu shilingi 29 na senti kadhaa, wala si shilingi 20 ulizodhani wakati unalipa.

Shilingi 29 kwa upande mmoja, 1,584 kwa upande mwingine. Gramu ya kopo ni zaidi ya mara 50 ya gramu ya mnadani. Bei zikitengana hivyo, hakuna ushindani hapo, kama vile baiskeli isivyoshindana na lori. Kwa hiyo kopo tuliweke kando. Mwenye duka wa Mkiwa akilihitaji kwa ajili ya wale watu wake watano, achukue oda na malipo ya awali kwanza, na alitafute Arusha au Dar es Salaam katika duka lililokwisha kulipa kodi zote, ambako analiona, analishika na kuuliza lilifika lini. Hata likiwa ghali kuliko la kwenye simu, bei yake haina sehemu iliyojificha.

PICHA HAINUKI

Tunakuja kwenye swali la pili. Siku hizi muuzaji wa jumla wa mbali hahitaji duka Mkiwa. Anapiga picha marobota, anaiweka kwenye simu, mnunuzi anatuma pesa kwa simu pia, na mzigo unapanda basi. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 na kampuni nyingine zikafuata, biashara ya aina hii imeingia kila njia panda. Ina faida za kweli: nauli ya kwenda na kurudi imeokolewa, siku mbili za duka kufungwa zimeokolewa, na unaweza kuuliza bei kwa watu wanne asubuhi moja.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kujaribu. Aliona picha ya misokoto safi, rangi ya kahawia iliyoiva, iking'aa kidogo. Akatuma pesa za kilo kumi. Mzigo ulifika siku ya tatu ndani ya gunia la nailoni, na ulipofunguliwa chumba kizima kilinuka kama godoro lililonyeshewa. Misokoto ilikuwa imenyunyiziwa maji ili ing'ae na iongezeke uzito, ikafungwa, ikapata joto la buti la basi, ikaota ukungu mweupe katikati. Kilo kumi zilitoa kilo nne na nusu za kuuzika, na hata hizo wateja walizikunja uso. Muuzaji alipopigiwa simu alisema mzigo uliondoka kwake ukiwa mzuri, kosa ni la basi. Basi nao walisema gunia lilipokewa likiwa limefungwa. Na kweli, nani angewapinga? Hapakuwa na risiti iliyotaja unyevu, daraja wala tarehe.

Bei ilikuwa nzuri kwa robo nzima kuliko ya mnadani. Baada ya kutupa kilo tano na nusu, kilo iliyobaki ilikuwa na bei ya juu kuliko yoyote iliyopata kuulizwa sokoni.

Hii ndiyo sababu tumbaku ni bidhaa mbaya ya kununua kwa picha. Betri ya redio ina namba. Sukari ina kiwanda. Kitenge unaweza kukirudisha. Tumbaku thamani yake yote imo katika harufu, unyevu na kuiva, na vitu hivyo vitatu havipiti kwenye simu. Ukiwa mbele ya mzigo, mkono wako ni maabara. Bana kiasi kidogo cha tumbaku iliyokatwa kati ya vidole: ikibaki imegandamana kama donge, ina maji mengi, ikiwa vumbi, imekufa, ikibanwa halafu ikafumuka polepole yenyewe, ni nzuri. Kwa jani zima, kunja uti wa katikati. Ukipinda bila kuvunjika, bado ni mbichi ndani. Ukikatika kwa sauti, umekauka. Kisha ingiza kidole katikati ya msokoto na unuse kidole, maana nje ya msokoto kila mtu huipamba. Harufu ya nyasi kavu au ya tunda lililoiva ni dalili nzuri. Harufu ya amonia, inayochoma pua, ni ya jani ambalo halijamaliza kuiva. Harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu ni ya ukungu, na hapo usijadili bei, ondoka.

Kopo la kiwandani hapa linastahili sifa yake. Limeandikwa uzito, limefungwa, na la mwaka huu linafanana na la mwaka jana. Lakini hata maandishi yana mitego. Mwaka 2009 Marekani ilipandisha kodi ya serikali kuu juu ya tumbaku ya kusokotea sigara hadi dola 24.78 kwa paundi, huku ya kiko ikiwekewa dola 2.83 tu. Mara moja mifuko mikubwa ya tumbaku ya sigara ikabadilishwa lebo ikawa "ya kiko". Mpaka leo anayeagiza mfuko mkubwa wa bei nafuu sana ulioandikwa hivyo anaweza kupata majani yaliyokatwa kwa ajili ya karatasi, yanayoungua haraka na kuchoma ulimi kwenye kiko. Lebo iliandikwa kwa ajili ya mtoza kodi, wala si kwa ajili ya mvutaji.

SHERIA ISISAHAULIKE

Hapa tunataka msomaji wetu asimame kidogo. Itigi si mbali na Mkiwa, na pande za Mitundu na Mgandu wapo wakulima wa tumbaku ya mvuke. Atafuatwa na mtu mwenye robota moja la bei ya kutupa, usiku. Asiliguse. Tumbaku ya mkataba hulimwa kwa pembejeo za mkopo kupitia vyama vya msingi, huwekwa madaraja na wateuzi, na huuzwa kwa kampuni zenye leseni chini ya Bodi ya Tumbaku, kwa mujibu wa Sheria ya Tasnia ya Tumbaku ya mwaka 2001. Ikiuzwa pembeni ni utoroshaji. Anayekamatwa nayo hupoteza mzigo, hupoteza mtaji, na deni la pembejeo humwangukia mkulima na wenzake wa chama ambao hawakuiona hata shilingi ya robota hilo. Hata kwa tumbaku ya kienyeji ya bustanini, aulize ofisi ya biashara ya halmashauri leseni yake inamruhusu kuuza nini.

Tena, Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na usimamizi wake tangu 2021 uko chini ya TMDA. Mtoto aliyetumwa na babu arudi mikono mitupu. Babu atakuja mwenyewe. Mizani ya dukani iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo. Na kwa kuwa tunaandika juu ya bidhaa hii kama biashara, haki ya msomaji ni kuambiwa pia kwamba kiko na ugoro vyote huleta saratani, hasa ya kinywa. Mwenye duka atakayeongeza bidhaa hii ajue anauza nini.

KWA WENYE AKIBA

Baadhi ya wasomaji wetu wawekezaji wadogo wamesikia kwamba makopo ya tumbaku ya kiko yakihifadhiwa hupanda bei. Ni kweli yapo yaliyopanda. Tumbaku za kiko za jina la Dunhill zilipoondolewa sokoni mwaka 2018, watu waliokuwa na makopo stoo waliuza kwa bei za ajabu. Muda si mrefu michanganyiko hiyo ikarudi madukani kwa jina la Peterson, na waliochelewa kuuza wakabaki na makopo. Biashara hiyo inataka mnunuzi anayeujua mwaka wa kopo kwa kulitazama, na wanunuzi hao wako mbali na Mkiwa. Mwenye akiba anayetaka kushiriki biashara ya tumbaku bila kuinusa alikuwa na njia nyingine tangu Novemba 2000, hisa za Kampuni ya Sigara Tanzania zilipoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hisa haikauki Agosti, ingawa ina magonjwa yake, nayo tutayajadili wiki nyingine.

Kuna hata kisa cha upande wa pili. Katika miaka ya 1950 Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilianza kutengeneza viko kwa lile jiwe jepesi jeupe la bonde la Amboseli, vikiwa na alama ya tembo na jina la Kiswahili, Kiko. Vilisafiri dunia nzima. Leo hivyo hivyo vinauzwa mtandaoni kama vitu vya kale, na wanaovitafuta wako Ulaya na Marekani. Mwenye kikongwe ndani ya familia mwenye kiko cha alama ya tembo asikitupe jalalani kabla ya kukiuliza bei. Simu katika biashara hii huenda inafaa zaidi kwa kuuzia kuliko kununulia.

JIBU LETU KWA NDUGU WA MKIWA

Asiagize makopo. Katika shilingi 600,000 atenge 100,000 kwa mizani yenye muhuri, chupa za kioo na vifungashio vya karatasi. Atenge 50,000 za kujaribu: mafungu ya wauzaji watatu au wanne wa minada ya karibu, ayapime, ayasafishe, ayaanike na kuandika daftarini gramu zilizobaki. Mzee mmoja mvutaji mzoefu aketi naye, avute kila moja bila kuambiwa ni ya nani. Muuzaji atakayeshinda ndiye wa kuzungumza naye bei ya jumla, kwa sharti kwamba uti wa jani umeondolewa na jani limekauka. Ni bora kumwongezea bei kidogo kwa jani safi kuliko kulipia vijiti.

Mzigo wa kwanza usizidi shilingi 150,000, na aununue baada ya mvua kwisha, jani likiwa limeacha maji. Aufungashe kwa gramu 20 na 50, uzito ukiwa umeandikwa. Hapo atakuwa na kitu ambacho fungu la chini halina: mteja anajua anachopata, na kifurushi cha leo kinafanana na cha wiki iliyopita. Mazoea ya kukopesha wazee mpaka mavuno anayajua kuliko sisi. Tunachosema ni kwamba deni la tumbaku lisizidi faida ya mwezi.

Simu aitumie kuulizia bei Tabora, Manyoni na Singida mjini kila kabla ya mnada, ili asidanganywe. Akimpata muuzaji wa mbali anayemwamini, aagize kilo moja kwanza. Alipe nusu, na nusu ya pili aitume akishafungua gunia na kuingiza kidole katikati ya msokoto. Muuzaji akikataa masharti hayo, akiba ya shilingi 300,000 iliyobaki ikae benki mpaka mnada ujao.